Mwangwi Utokao Sikioni: Upimaji wa Usikivu wa Watoto Wachanga

Katika nyumba nyingi hufanywa jaribio moja la kisayansi ambalo wenyewe hawaliiti kwa jina hilo. Bibi humwona mjukuu wake mchanga ametulia mno, akaingiwa na shaka. Basi husimama upande wa kichwani, akapiga makofi kwa nguvu au akagonga sufuria kwa mwiko. Mtoto akishtuka, wote waliopo hushusha pumzi: anasikia. Shaka husahauliwa. Mwaka wa pili huingia. Watoto wa rika lake wanaita mama na kuomba maji, naye bado hasemi. Wazee huwatuliza wazazi kwa kuwakumbusha kwamba hata baba yake alichelewa kusema. Aghalabu ni katika mwaka wa tatu, au baadaye zaidi, ndipo safari ya hospitali huanza, na huko wazazi huambiwa kwamba mtoto wao hakuwa akisikia sawasawa tangu siku aliyozaliwa.

Je, jaribio lile lilikosea wapi? Kwanza, mikono inayopiga makofi husukuma hewa na kutupa kivuli. Mtoto asiyesikia huweza kushtushwa na upepo, na kivuli, au na mtikisiko wa kitanda. Pili, mlio wa sufuria ni mkubwa kuliko sauti ya mtu anayezungumza. Mtoto mwenye uziwi wa kiasi huweza kuusikia mlio ule na bado asiyasikie maneno ya mama yake. Tatu, mtoto anayesikia vizuri kabisa huweza kutojali kelele kwa sababu ana usingizi au ameshiba. Kwa hiyo jaribio hili hukosea pande zote mbili: humpitisha asiyesikia, na pengine humtilia shaka anayesikia.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi fizikia na baiolojia zilivyotupatia njia bora ya kumwuliza mtoto wa siku mbili kama anasikia, bila ya kungoja ajibu kwa kinywa. Pia yataeleza kwa nini jibu hilo latakiwa lipatikane katika miezi ya mwanzo, na kwa nini kipimo peke yake, hata kiwe kizuri namna gani, hakimfai mtoto ikiwa hakuna linalofuata baada yake.

Kasoro isiyoonekana kwa macho

Mtoto akizaliwa na mguu uliopinda, mkunga huuona papo hapo. Uziwi hauna alama usoni. Isitoshe, katika miezi ya mwanzo mtoto kiziwi hulia, hucheka na hutoa sauti za kitoto kama mwenzake anayesikia, maana koo na ulimi wake ni vizima. Tofauti huanza kudhihirika katika nusu ya pili ya mwaka wa kwanza, wakati mtoto anayesikia anapoanza kukariri silabi kama "ba-ba-ba" na "ma-ma-ma", na yule asiyesikia akachelewa kuifikia hatua hiyo. Ndiyo maana neno "bubu", ambalo watu wengi bado hulitumia kumwita kiziwi, halina msingi katika sayansi. Sauti anayo, alichokosa ni kuisikia lugha ili aiige.

Uziwi wa kuzaliwa nao si jambo la nadra kama wengi wanavyodhani. Katika nchi ambako watoto wote hupimwa, imeonekana kwamba mtoto mmoja hadi watatu katika kila watoto 1,000 huzaliwa na upungufu wa kudumu wa kusikia. Sababu zake ni nyingi. Baadhi ya watoto hurithi jeni zenye kasoro kutoka kwa wazazi ambao wenyewe husikia vizuri. Wengine huathiriwa wakiwa tumboni na virusi vya sitomegalo, au na ugonjwa wa rubela uliomshika mama katika miezi ya kwanza ya mimba. Madhara ya rubela kwa mtoto aliye tumboni yalitambuliwa nchini Australia mwaka 1941, wakati daktari wa macho, Norman Gregg, alipoona watoto wengi waliozaliwa na mtoto wa jicho; haukupita muda mrefu ikadhihirika kwamba wengi wa watoto wa namna hiyo walikuwa viziwi pia. Wengine bado huathiriwa wakati wa kuzaliwa au siku chache baadaye: watoto njiti, watoto waliokosa hewa, waliopata umanjano mkali, waliougua homa ya uti wa mgongo, au waliolazimika kutibiwa kwa dawa kama jentamaisini, ambayo huokoa maisha lakini huweza kudhuru sikio la ndani.

Yafaa hapa kutaja jambo linalowahusu hasa watafiti wa Afrika. Mwaka 1997 ilitambuliwa jeni moja, iitwayo GJB2, ambayo kasoro zake ndizo chanzo kikubwa cha uziwi wa kurithi katika Ulaya. Baadaye ilionekana kwamba kasoro hizo ni nadra katika watu wengi wa Afrika kusini mwa Sahara, ijapokuwa Ghana ina kijiji kiitwacho Adamorobe ambako aina mojawapo ya kasoro za jeni hiyo ni ya kawaida. Maana yake ni kwamba majibu yaliyopatikana kwingine hayawezi kuhamishwa kwetu kama yalivyo. Hatuna budi kuwachunguza watoto wetu wenyewe.

Mtu angeweza kufikiri kwamba yatosha kuwapima wale tu wenye dalili za hatari zilizotajwa. Njia hiyo ilijaribiwa katika nchi kadhaa, na ikaonekana kwamba karibu nusu ya watoto waliozaliwa na uziwi hawakuwa na dalili yoyote ya hatari. Walizaliwa kwa wakati wake, wakiwa na uzito mzuri, na wazazi wao husikia. Kwa kweli, zaidi ya watoto tisa katika kila watoto kumi viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia. Mtoto wa namna hii hana wa kumtilia shaka. Hapo ndipo lilipozuka wazo la kumpima kila mtoto azaliwaye.

Kwa nini twahesabu miezi na si miaka

Kusikia hakuanzi siku ya kuzaliwa. Sikio la ndani la mtoto huwa limekwisha kufikia ukubwa wa sikio la mtu mzima kabla hajazaliwa, na katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba mtoto huitikia sauti. Mwaka 1980 watafiti wawili nchini Marekani, Anthony DeCasper na William Fifer, walionyesha kwamba watoto wenye umri wa siku chache tu waliipendelea sauti ya mama yao kuliko ya mwanamke mwingine. Yaani mtoto anayesikia huja duniani akiwa amekwisha kuanza masomo.

Masomo hayo huendelea kwa kasi. Mtoto wa miezi sita huweza kutofautisha sauti za lugha ambazo hajapata kuzisikia. Kufikia umri wa mwaka mmoja uwezo huo hupungua sana, na badala yake ubongo hujizoeza kwa sauti za lugha ya nyumbani. Ubongo katika kipindi hiki ni kama udongo wa mfinyanzi ulio mbichi. Njia za fahamu zinazotumika huimarika, na zisizotumika hudhoofika. Sehemu zilizokuwa zitumike kwa kusikia huanza kushughulikia mambo mengine, kama vile kuona. Mtoto aliyegunduliwa akiwa na miaka minne si kwamba amekosa kusikia tu kwa miaka minne. Amekosa lugha katika muda ule ambao ubongo ulikuwa tayari kuipokea bila taabu.

Neno "lugha" hapa lisieleweke kwa maana ya maneno ya kinywa peke yake. Lugha za alama zitumiwazo na viziwi ni lugha kamili, zenye msamiati na sarufi yake. Mwaka 1991 ilielezwa kwamba watoto viziwi wanaolelewa na wazazi watumiao lugha ya alama hufanya kwa mikono yao kile ambacho watoto wengine hufanya kwa vinywa: hukariri "silabi" za mikono katika umri ule ule. Ubongo wautafuta mpangilio wa lugha. Mlango wa kuingilia huweza kuwa sikio au jicho. Ila mlango mmoja lazima uwe wazi.

Ushahidi wa faida ya kuwahi ulipata nguvu mwaka 1998, wakati Christine Yoshinaga-Itano na wenzake katika jimbo la Colorado, Marekani, walipowalinganisha watoto viziwi waliogunduliwa kabla ya miezi sita na wale waliogunduliwa baada ya umri huo. Waliowahi kugunduliwa, nao wakaanza kusaidiwa mara, walikuwa na lugha bora zaidi, wawe na uziwi mdogo au mkubwa. Mwaka 2000 kamati ya wataalamu wa Marekani inayoshughulikia usikivu wa watoto wachanga ilitoa kanuni ambayo ni rahisi kuikumbuka: mtoto apimwe kabla hajafikisha mwezi mmoja, uziwi wake uthibitishwe kabla ya miezi mitatu, naye aanze kusaidiwa kabla ya miezi sita.

Safari ya sauti

Ili kuelewa vipimo, tukumbuke kwanza jinsi sauti inavyosafiri. Mawimbi ya sauti hupita katika tundu la sikio na kukitikisa kiwambo. Mtikisiko huo hupokelewa na vifupa vitatu vidogo vya sikio la kati, ambavyo huupeleka kwenye sikio la ndani. Huko kuna mrija uliojaa majimaji na kujikunja kama nyumba ya konokono, uitwao koklea. Ungenyooshwa, urefu wake ungekuwa kiasi cha milimita 35. Ndani yake umetandazwa utando ambao sehemu zake huitikia sauti mbalimbali, kama vibao vya kinanda: sauti nyembamba huutikisa karibu na mlango, na sauti nene huutikisa karibu na kilele.

Juu ya utando huo zimepangwa seli zenye vinywele. Zile za ndani, zipatazo 3,500, zimepangwa safu moja, nazo ndizo zinazogeuza mtikisiko kuwa ishara za umeme na kuzipeleka kwenye ubongo kwa njia ya mshipa wa fahamu. Zile za nje, zipatazo 12,000, zimepangwa safu tatu. Seli hizi kwa binadamu hazioti tena zikifa. Swali lililowasumbua wataalamu kwa muda mrefu lilikuwa hili: ikiwa seli za ndani ndizo zinazopeleka habari kwenye ubongo, hizi za nje, zilizo nyingi zaidi, zafanya kazi gani?

Mwanasayansi Georg von Békésy alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1961 kwa kueleza jinsi mawimbi yanavyosafiri ndani ya koklea. Lakini masikio aliyoyachunguza yalikuwa ya maiti, na mitikisiko aliyoiona ilikuwa butu mno kuweza kueleza ustadi wa sikio hai katika kutenganisha sauti zinazokaribiana. Mapema zaidi, mwaka 1948, Thomas Gold alikuwa amependekeza kwamba ndani ya koklea lazima kuwe na chombo kinachoongeza nguvu ya mtikisiko, mfano wa redio inavyokuza mawimbi dhaifu. Wengi hawakumsadiki.

Sikio linalotoa sauti

Jibu lilianza kupatikana London. Mwaka 1978 mwanafizikia David Kemp alichapisha matokeo ya jaribio ambalo ajabu yake ni wepesi wake. Alitia katika tundu la sikio kipaza sauti kidogo sana pamoja na kinasa sauti, akatoa mlio mfupi, kisha akasikiliza. Alinasa mlio wenyewe. Halafu, baada ya kitambo, alinasa sauti nyingine iliyo dhaifu sana iliyokuwa ikitoka ndani ya sikio.

Je, haukuwa mwangwi wa kawaida tu, kama ule tuusikiao tukiita ndani ya kisima? Mwanafunzi aweza kulipima jambo hili kwa hesabu. Tundu la sikio la mtu mzima lina urefu wa kiasi cha sentimita 2.5, kwa hiyo kwenda hadi kwenye kiwambo na kurudi ni sentimita 5, yaani mita 0.05. Sauti husafiri hewani kwa mwendo wa kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Tukigawanya 0.05 kwa 340 twapata sekunde 0.00015, yaani chini ya sehemu mbili za kumi za milisekunde moja. Lakini sauti ya Kemp ilichelewa kwa milisekunde kumi hivi, muda unaozidi ule mara zaidi ya hamsini. Basi haikuwa ikirudi kutoka kwenye kiwambo. Ilikuwa ikitoka ndani ya koklea, nayo haikupatikana katika masikio ya viziwi.

Baadaye ilieleweka kwamba seli zile za nje ndizo fundi wa kazi hii. Mwaka 1985 William Brownell na wenzake walieleza kwamba seli hizo, zikipata mabadiliko ya umeme, hurefuka na kufupika kwa kasi, na hivyo huusukuma utando na kuukuza mtikisiko dhaifu. Sehemu ndogo ya nguvu hiyo hurudi nyuma kupitia vifupa na kiwambo, ikatoka nje kama sauti. Mwangwi huo basi ni ushahidi kwamba seli za nje zi hai na zinafanya kazi.

Faida ya jambo hili kwa mtoto mchanga ni dhahiri. Hatumwulizi mtoto, wala hatumngojei ageuze shingo. Twaliuliza sikio lenyewe. Mpimaji humtia mtoto kizibo laini sikioni, ikiwa bora akiwa amenyonya na kulala. Chombo hutoa milio midogo mingi, hukusanya mwangwi, na baada ya muda mfupi huonyesha ama "amepita" ama "apimwe tena". Upungufu wa kusikia ukizidi kiasi cha desibeli 30 hivi, kwa kawaida mwangwi haupatikani. Vyombo vya siku hizi huweza kushikwa mkononi, na mhudumu aliyefunzwa vizuri huweza kuvitumia bila ya kuwa daktari bingwa.

Kuisikiliza njia ya ubongo

Hata hivyo, mwangwi hutueleza habari za koklea peke yake. Kuna watoto wachache ambao seli zao za nje ni nzima, lakini ishara haziendi sawasawa kutoka sikioni hadi kwenye ubongo. Hali hii huonekana hasa kwa watoto waliolazwa katika wodi za uangalizi maalumu, kwa mfano waliopata umanjano mkali. Mtoto wa namna hiyo atapita kipimo cha mwangwi, na bado maneno yasimfikie kwa ukamilifu.

Kwa ajili hiyo kipo kipimo cha pili. Mwaka 1971 Don Jewett na John Williston walieleza mfululizo wa mawimbi madogo ya umeme ambayo hutokea katika milisekunde kumi za kwanza baada ya mlio kusikika, wakati ishara inapopanda kutoka sikioni kupitia shina la ubongo. Mawimbi hayo hunaswa kwa elektrodi zilizobandikwa juu ya ngozi ya kichwa, bila ya sindano na bila ya maumivu.

Taabu ni kwamba umeme huo ni mdogo mno, chini ya sehemu moja ya milioni ya volti, nao umezama katika umeme mwingine wa ubongo na misuli ulio mkubwa zaidi mara nyingi. Dawa yake ni hesabu ya wastani. Chombo hutoa milio, tuseme, 2,000, na kila mara hurekodi umeme uliofuata. Kisha rekodi zote hujumlishwa na kugawanywa. Umeme unaotokana na mlio hurudia umbo lile lile kila mara, kwa hiyo haupotei. Umeme mwingine, ambao hauna mpango, mara huwa chanya, mara hasi, na hujifuta wenyewe. Kanuni yasema kwamba vurugu hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya vipimo. Na kipeuo cha pili cha 2,000 ni karibu 45. Hivyo lisiloonekana katika rekodi moja huonekana waziwazi katika wastani wa rekodi elfu mbili. Watoto waliotoka katika wodi za uangalizi maalumu hupimwa kwa njia hii.

Chekeche si hukumu

Ni lazima kuelewa maana ya upimaji wa awali. Kazi yake ni ya chekeche: kutenga wachache wanaostahili kuchunguzwa zaidi kutoka katika wengi walio wazima. Haitoi hukumu. Tuchukue mfano wa hesabu, ambao mwalimu aweza kuutumia darasani. Tuseme watoto 1,000 wamepimwa, na kati yao wawili ni viziwi kweli. Tuseme tena kwamba chombo huwatambua wote wawili, lakini hukosea kwa wanne katika kila watoto 100 wanaosikia. Wanaosikia ni 998, kwa hiyo kiasi cha 40 watarudishwa bure. Jumla ya walioambiwa "apimwe tena" ni 42, na viziwi kati yao ni wawili tu, yaani mmoja katika kila 21.

Basi mzazi aliyeambiwa arudi hana sababu ya kukata tamaa, kwani huenda sikio la mtoto lilikuwa na majimaji na utando mweupe wa kuzaliwa nao tu, mambo ambayo hupungua baada ya siku ya kwanza. Lakini pia hana sababu ya kupuuza. Wale 42 wakipimwa tena kwa kipimo chenye makosa yale yale, kati ya 40 wanaosikia watabaki wawili hivi. Ukiwaongeza viziwi wawili, wanaobaki ni wanne, na nusu yao ni viziwi kweli. Chekeche mbili zimefanya ambalo moja haikuweza. Mzazi asiporudi kwa kipimo cha pili, kazi yote ya kipimo cha kwanza imepotea, na huenda mtoto wake ni mmoja wa wale wawili.

Yapo makosa ya upande wa pili vilevile. Kupita kipimo siku ya pili ya maisha si cheti cha maisha yote. Uziwi wa kurithi na ule wa virusi vya sitomegalo huweza kuanza baadaye. Surua, matubwitubwi na homa ya uti wa mgongo huweza kuuleta. Na masikio yanayotoka usaha mara kwa mara hupunguza usikivu wa wanafunzi wengi. Kwa sababu hiyo mwalimu naye ni mpimaji. Mwanafunzi anayeomba kurudiwa maneno kila mara, anayetazama midomo ya msemaji, au anayeitwa mtoro wa mawazo kwa kuwa haitiki, apelekwe akapimwe masikio kabla ya kupewa adhabu.

Baada ya kipimo

Mwaka 1968 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu cha J. M. G. Wilson na G. Jungner chenye kanuni kumi za upimaji wa awali wa magonjwa. Kati ya hizo imo inayosema kwamba yafaa kuwepo tiba au msaada unaokubalika kwa wale watakaogunduliwa, na nyingine kwamba vyombo vya uchunguzi na matibabu viwepo. Kanuni hizi ndizo mizani ya jambo tunalolizungumza. Kumwambia mama kwamba mwanawe hasikii, kisha kumwacha mlangoni bila ya kumwonyesha njia, ni kumwongezea mzigo tu.

Njia zenyewe zipo. Watoto wengi husaidiwa na shimesikio, yaani kifaa cha kukuza sauti kinachovaliwa sikioni, ambacho huweza kuvalishwa hata mtoto wa miezi michache. Baadhi ya wenye uziwi mkubwa hufaidika kwa upasuaji wa kupandikiza kifaa kinachopeleka umeme moja kwa moja kwenye mshipa wa kusikia. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza upasuaji huo mwaka 2017. Na kila mtoto, awe na kifaa au asiwe nacho, huweza kupewa lugha ya alama tangu mwezi ule ule uziwi wake unapothibitishwa. Hii haihitaji betri wala kiwanda. Yahitaji wazazi, ndugu na majirani walio tayari kujifunza. Shule za viziwi zipo Tanzania tangu ile ya Tabora ilipofunguliwa mwaka 1963, ikafuatiwa na ile ya Buguruni, Dar es Salaam, mwaka 1974. Na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeiweka lugha ya alama ya Kenya miongoni mwa lugha za Bunge. Lakini shule humpokea mtoto mwenye umri wa kwenda shule. Miaka ile ya nyumbani kabla ya shule ndiyo iliyo tupu.

Uingereza ilikamilisha mpango wa kuwapima watoto wachanga wote wa England mwaka 2006, na katika Marekani upimaji huu umekuwa wa kawaida. Katika nchi nyingi za Afrika, zikiwemo zetu, mtoto bado hapimwi isipokuwa kwa bahati. Husemwa kwamba akina mama wengi hutoka hospitalini mapema, na wengine hujifungulia nyumbani. Ni kweli. Lakini mama yule yule humleta mtoto kuchanjwa anapofikisha wiki sita. Watafiti wa Afrika ya Kusini wamekwisha kujaribu kuwapima watoto katika kliniki za chanjo, na wakaonyesha kwamba jambo hilo lawezekana. Mtoto akipimwa katika wiki ya sita amechelewa kidogo kwa kanuni ya mwezi mmoja, lakini bado ana muda wa kuuwahi mwezi wa sita. Na chanjo yenyewe ni kinga: chanjo ya rubela, iliyoingizwa katika ratiba ya Tanzania mwaka 2014, inazuia uziwi ambao hakuna kipimo kitakachohitajika kuugundua.

Vijana wanaosoma makala haya watakuwa wakunga, mafundi wa vyombo, wahasibu wa wilaya na wazazi. Kila mmoja wao atakuwa na sehemu yake katika jambo hili. Fundi ataulizwa kama chombo kinaweza kufanya kazi katika kliniki yenye joto na umeme wa kukatika. Mhasibu ataulizwa kama fedha za mashimesikio zimetengwa pamoja na fedha za vipimo. Mzazi ataambiwa arudi baada ya wiki mbili, naye itampasa arudi. Na bibi aliyeingiwa na shaka akapiga makofi hakukosea kuwa na shaka. Shaka yake ndiyo mwanzo wa sayansi. Alichokosa ni chombo cha kuijibu, na mtu wa kumwambia kwamba miezi inapita.